Dawa ya Moto ni Moto: Historia Fupi ya Cheche na Mgandamizo katika Injini ya Petroli

Katika mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, fundi wa magari huisikiliza injini kabla ya kuifungua. Baba yangu mdogo amefanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Huinamisha kichwa karibu na injini, humwomba mwenye gari akanyage mafuta kidogo, kisha hutoa hukumu yake kwa neno moja: "Inagonga." Hakuna mteja anayefurahi kulisikia neno hilo. Kugonga maana yake ni kwamba sehemu ya petroli iliyomo ndani ya silinda inajiwasha yenyewe, bila kungoja moto uliowashwa na buji uifikie. Injini ikiachwa igonge kwa muda mrefu, pistoni hutoboka.

Ndiyo maana nilishangaa niliposoma kwamba tangu mwaka 2019 yanauzwa magari ambayo injini zake za petroli zimetengenezwa makusudi ili petroli ijiwashe kwa kubanwa. Jambo ambalo mafundi wa Buyenzi wamelihesabu kuwa ugonjwa, wahandisi wa Japani wameligeuza kuwa dawa. Nilimsimulia baba mdogo. Alicheka, akaniuliza swali moja tu: "Na ikiharibika, ataitengeneza nani?"

Insha hii ni jaribio la kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Nitaeleza jinsi njia mbili za kuwasha moto katika injini, yaani cheche na mgandamizo, zilivyozaliwa mbalimbali, zikaishi mbalimbali kwa zaidi ya miaka mia, na hatimaye zikakutana ndani ya silinda moja. Hoja yangu ni kwamba kila njia mpya ya kuwasha moto ilikuja na mzigo wake, na mara nyingi aliyeubeba mzigo huo si yule aliyesifiwa kwa uvumbuzi.

Kwanza tufahamu tofauti ya njia hizo mbili. Yeyote aliyewahi kujaza upepo baiskeli anajua kwamba pampu hupata joto mkononi. Sehemu ya joto hilo hutokana na msuguano, lakini kubwa zaidi ni hili: hewa ikibanwa, hupata joto. Ikibanwa sana na kwa haraka, joto lake hutosha kuwasha mafuta bila kiberiti. Hiyo ndiyo njia ya mgandamizo. Njia ya cheche ni nyingine: mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa kiasi tu, kisha huwashwa kwa cheche ya umeme mahali pamoja, na moto hutembea kutoka hapo mpaka ukaenea silinda nzima.

Étienne Lenoir alitumia cheche ya umeme katika injini yake ya gesi mjini Paris mwaka 1860. Nikolaus Otto, Mjerumani, alipotengeneza injini yake maarufu ya mipigo minne mwaka 1876, hakutumia cheche bali mwali mdogo wa moto. Cheche ilishika nafasi yake imara baada ya mwaka 1902, pale karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart ilipounda mtambo wa kutoa umeme wenye nguvu pamoja na buji ya kuurusha ndani ya silinda. Sisi wanafunzi wa lugha tuna sababu ya kulipenda neno hilo. Watanzania husema plagi, lakini hapa Burundi na ng'ambo ya pili huko Kongo tunasema buji, kutoka Kifaransa bougie, yaani mshumaa. Nalo neno hilo la Kifaransa limetokana na jina la mji wa Bijaya nchini Algeria, ulikotoka nta ya kutengenezea mishumaa. Kwa hiyo fundi anayefungua buji Buyenzi anataja mji wa Afrika bila kujua.

Njia ya pili ina jina la mtu mmoja, Rudolf Diesel. Aliomba hataza ya wazo lake mwaka 1892, na baada ya majaribio ya miaka kadhaa mjini Augsburg, injini yake ilipimwa rasmi mwaka 1897. Ilionekana kwamba iligeuza karibu robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za wakati huo hazikukikaribia. Siri yake ilikuwa kubana hewa peke yake, tena kwa nguvu nyingi, kisha kuingiza mafuta mwishoni. Hakuna buji. Mafuta hukutana na hewa yenye moto yakawaka.

Mtu atauliza: ikiwa kubana sana kunaleta faida, kwa nini injini ya petroli nayo isibane hivyo hivyo? Hapa ndipo kugonga kunapoingia. Katika injini ya petroli hewa huingia ikiwa imekwisha kuchanganywa na mafuta. Ukiibana kupita kiasi, moto wa buji unapokuwa bado safarini, mchanganyiko ulioko pembeni huzidi kubanwa na kupashwa joto, nao hulipuka wote kwa pamoja kabla ya zamu yake. Mawimbi ya shinikizo hupiga kuta za silinda, na sauti yake ndiyo anayoisikia baba mdogo. Kwa sababu hiyo injini za kwanza za petroli zilibana kidogo tu, zikala mafuta mengi kwa kazi ndogo. Pamoja na hayo zilikuwa nyepesi na zenye mbio, na wepesi huo ulionekana hapa hapa kwenye ziwa letu.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli za mvuke: Kingani, Hedwig von Wissmann, na kubwa kuliko zote, Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuunganishwa upya Kigoma. Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa, ulikuwa kituo chao cha kaskazini. Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na injini mbili za petroli. Zilisafirishwa kwa meli mpaka Cape Town, kwa reli mpaka Fungurume huko Katanga, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mitambo ya mvuke na makundi ya ng'ombe, mpaka zikafika ziwani upande wa Kongo.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo za cheche ziliiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa na Mimi pamoja na ile ile Kingani iliyotekwa, ambayo sasa ilikuwa imepewa jina la Fifi. Vitabu humtaja sana kiongozi wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson. Lakini meli za mvuke zilichoma kuni, na kuni zilipatikana kila ufukwe wa ziwa, ilhali petroli ya Mimi na Toutou ilibidi itoke mbali pamoja na mashua zenyewe. Wakongo waliokata miti, wakatengeneza njia na madaraja milimani, ndio walioibeba historia hiyo mabegani, na majina yao hayakuandikwa. Huo ndio mzigo wa kwanza ninaousema.

Graf von Goetzen haikuzamishwa na mashua hizo. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi Julai 1916 walipokuwa wakirudi nyuma, wakiwa wameipaka mashine zake grisi kwa matumaini ya kuirudia siku moja. Waingereza waliiinua kutoka majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri tena kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mashine zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa injini za dizeli. Kwa njia hiyo meli ile ile iliyowahi kuziona mashua za cheche ikaja kuendeshwa kwa moto wa mgandamizo.

Hivyo dunia iligawanywa mara mbili, na mgawanyo huo tunaukuta hata katika vituo vyetu vya mafuta: esansi upande huu, mazutu upande ule. Magari madogo na pikipiki yalifuata cheche. Malori, meli na majenereta makubwa yakafuata mgandamizo. Lakini wahandisi wa petroli hawakuacha kutamani faida ya kubana zaidi, na adui yao alikuwa yule yule, kugonga. Harry Ricardo wa Uingereza alikuwa miongoni mwa wa kwanza kueleza kwamba kugonga hutokana na mchanganyiko wa pembeni kujiwasha wenyewe. Huko Marekani, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua mwezi Desemba 1921 kwamba tone la kemikali yenye risasi likitiwa katika petroli, kugonga hunyamaza. Risasi ninayoitaja si ya bunduki, bali ni ile metali nzito yenye sumu.

Risasi ilifanya kazi yake vizuri mno. Injini ziliweza kubana zaidi, ndege na magari yakapata nguvu. Sumu yake ilijulikana mapema: mwaka 1924 wafanyakazi watano wa mtambo wa kutengenezea kemikali hiyo katika jimbo la New Jersey walikufa. Hata hivyo petroli yenye risasi ilienea duniani kote. Moshi wake ulishuka juu ya barabara, viwanja na nyua za nyumba, na wanasayansi wameonyesha kwamba risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Mataifa ya Afrika kusini mwa Sahara yalikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 kanda nzima ilikuwa imeacha kuuza petroli hiyo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, ndilo lililosimamia kampeni ya dunia. Nchi ya mwisho kuacha ilikuwa Algeria, nchi ya ule mji wa Bijaya, mwezi Julai 2021. Kwa muda wa miaka mia moja, basi, ukimya wa injini ulilipiwa na damu ya watoto. Huo ni mzigo wa pili.

Wakati wengine wakitafuta namna ya kukunyamazisha kugonga, wachache walijiuliza swali la kinyume. Je, ikiwa petroli inapenda kujiwasha, kwa nini tusiiache ijiwashe, lakini kwa utaratibu? Mwaka 1979 Shigeru Onishi na wenzake wa Japani walitangaza injini ya mipigo miwili ambamo mchanganyiko mwepesi uliwaka kila mahali kwa wakati mmoja, kwa upole, bila moto wa kutembea. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba jambo hilo linawezekana pia katika injini ya mipigo minne. Mwaka 1995 Honda iliingiza pikipiki ya aina hiyo katika mashindano ya Granada–Dakar. Ilivuka jangwa na kumaliza ikiwa ya tano, mbele ya pikipiki nyingi zenye injini kubwa kuliko yake.

Ubora wa mwako huo ni rahisi kuueleza. Mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo, kwa hiyo mafuta huokolewa. Moto wake hauna joto kali, kwa hiyo gesi chafu za naitrojeni huwa chache. Kwa kuwa petroli imekwisha kuchanganyika vizuri na hewa, masizi ya dizeli huwa haba.

Ugumu wake ulikuwa mmoja, nao ni saa. Katika injini ya kawaida ya petroli, buji ndiyo inayotoa amri ya kuwaka. Katika dizeli, amri hutolewa na nozeli inapoingiza mafuta. Lakini mchanganyiko unaojiwasha hauna mtu wa kuuamuru. Huwaka pale joto na shinikizo vinapofikia kiwango chake, na kiwango hicho hubadilika kila mara. Asubuhi ya baridi huchelewa au haiwaki kabisa. Gari likipanda mlima, kama kutoka hapa kwenda Bugarama, huwaka mapema mno, na kugonga kunarudi. Mwaka 2007 General Motors ilionyesha magari ya majaribio ya namna hiyo, na mwaka huo huo Mercedes-Benz ikaonyesha gari la maonyesho lenye injini iliyoitwa DiesOtto, jina linalounganisha wazee wetu wawili. Hakuna iliyofika madukani.

Suluhisho lililofika madukani lilitoka Hiroshima. Mwezi Agosti 2017 kampuni ya Mazda ilitangaza injini ya Skyactiv-X, na mwaka 2019 ikaanza kuiuza ndani ya gari la Mazda3. Wazo lenyewe lilikwisha kujaribiwa katika maabara mbalimbali: badala ya kuitupa buji, ipewe kazi mpya. Buji isiwashe petroli yote, bali iwashe kidogo tu, na kidogo hicho kiwashe kilichobaki.

Mambo huenda hivi. Pistoni inaposhuka, hewa nyingi huingia, ikisaidiwa na pampu ya hewa, na petroli kidogo hunyunyizwa ndani. Kwa kawaida kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iwake yote. Hapa hewa huwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Mchanganyiko mwembamba namna hiyo hauwezi kuwashwa vizuri kwa cheche peke yake. Pistoni hupanda na kuubana kwa nguvu: katika toleo la Ulaya la mwaka 2019 ujazo ulipunguzwa mara 16.3, kiasi kinachokaribia dizeli. Mgandamizo huo huufikisha mchanganyiko ukingoni mwa kuwaka, lakini hauuvushi. Hapo petroli nyingine kidogo hunyunyizwa karibu na buji, na buji hutoa cheche. Tufe dogo la moto huzaliwa katikati ya silinda. Linapotanuka, hufanya kazi ya pistoni ya pili: huusukuma na kuubana mchanganyiko unaolizunguka mpaka ukavuka ukingo na kujiwasha wote kwa pamoja.

Tukitazama vizuri, hicho ndicho kile kile kilichokuwa kikitokea katika injini inayogonga: moto wa buji hubana pembeni, na pembeni hulipuka. Tofauti ni kwamba sasa mchanganyiko ni mwepesi kiasi kwamba mlipuko wake hauumizi, na cheche imekuwa mshika saa. Ikitolewa mapema kidogo, mgandamizo wa ziada huja mapema; ikicheleweshwa, nao huchelewa. Ndani ya silinda kuna vihisi vinavyopima shinikizo, na kompyuta hurekebisha hesabu kila mzunguko. Injini ikiwa bado baridi, au inapotakiwa kutoa nguvu zake zote, hurudia mwako wa kawaida wa cheche. Mazda ilisema kwamba injini hiyo inaokoa mafuta kwa asilimia 20 hadi 30 kulinganisha na injini yake ya petroli iliyotangulia. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, nao wahandisi wa Hiroshima wamelithibitisha jambo hilo kwa vipimo.

Sasa nirudi Bujumbura. Kwa miaka ya karibuni hapa petroli imekuwa jambo la kupangia siku. Tumeona magari yakilala kwenye foleni, abiria wakitembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Kanyosha, na watu wakivuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira kutafuta mafuta ya vidumu. Mahali kama hapa, injini inayookoa hata tone la tano si anasa. Kama uvumbuzi huu una maana popote, una maana kwetu.

Lakini magari yetu mengi hutufikia yakiwa yametumika Japani miaka mingi, kwa njia ya bandari ya Dar es Salaam. Injini iliyoanza kuuzwa mwaka 2019 itaanza kuonekana Buyenzi ikiwa mzee. Itakuja na kihisi cha shinikizo kilichochoka, na itanyweshwa mafuta ya kidumu ambayo hakuna anayejua yamechanganywa na nini. Fundi atainamisha kichwa na kusikiliza, lakini sikio halitamtosha, kwa sababu katika injini hii kujiwasha si ugonjwa tena. Atahitaji kompyuta ya kuizungumzisha, na kitabu cha maelezo katika lugha anayoifahamu.

Hapo ndipo ninapouona mzigo wa tatu. Mzigo wa Mimi na Toutou ulibebwa na Wakongo wa Katanga. Mzigo wa risasi ulibebwa na watoto. Mzigo wa injini hii ni ujuzi, na usipogawanywa, utambebesha fundi lawama ya kuharibu kitu ambacho hakuna aliyemfundisha, na mwenye gari hasara. Tofauti na ile miwili ya kwanza, mzigo huu tunauona ukija, na tunaweza kujipanga kuupokea.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya injini si kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili. Mimi naona ni kazi yetu hasa. Buyenzi imekwisha kuwa na maneno ya kazi hiyo: buji, pistoni, nozeli, mazutu, kugonga. Kinachokosekana ni maandishi yanayomweleza fundi, kwa maneno hayo hayo, kwa nini silinda mpya inafanya kile ambacho ya zamani ilikatazwa kufanya.

Nilipomaliza rasimu ya insha hii nilimsomea baba mdogo sehemu inayohusu tufe la moto. Alinyamaza kidogo, akachukua kipande cha chaki, akachora silinda juu ya sakafu ya garaji, akaniambia, "Nionyeshe tena hapo cheche inapotokea." Vijana wake wawili waliacha spana zao wakasogea kutazama. Swali lake la kwanza, la nani ataitengeneza, nadhani lilianza kujibiwa pale.